Mama, nani kakukataza kuinama?

Mwezi uliopita, kliniki kwangu ninapotibu migongo na shingo kwa mazoezi, aliingia mama wa miaka hamsini na kitu, muuza vitumbua wa Mbagala. Mkononi bahasha ya kaki yenye picha ya MRI, kaishika kama hati ya kiwanja. Ndani ya khanga kajifunga mkanda wa mgongo. Akakaa ukingoni mwa kiti, wima kama kameza mchi. Risiti ikamdondoka. Akaitazama tu, kisha akamwita mwanawe aliyesimama mlangoni aje aiokote.

"Mwanangu, mimi siinami. Nimeambiwa pingili zimesagika."

Miezi mitano hajainama. Naye alikuwa wa sita mwezi ule kuniambia maneno yale yale, na nimechoka kuyasikia.

Pingili hazisagiki kama mahindi. Ripoti yake ilisema diski, yaani vile vito laini kati ya pingili, zimepungua maji na moja imetokeza kidogo. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo kabisa. Wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Wa miaka 50, asilimia 80. Wa miaka 80, asilimia 96. Hawaumwi hao! Sisemi picha ya mama ni ya uongo. Nasema inaonyesha umri wake, na umri hauelezi kwa nini anaumwa.

Kupumzika nako kulishapimwa zamani. Utafiti wa Marekani wa 1986 ulilinganisha kulala siku mbili na kulala siku saba: wa siku saba hawakupona zaidi, walikosa kazi tu kwa siku nyingi zaidi. Huko Finland mwaka 1995, walioambiwa waendelee na shughuli zao kadiri wanavyoweza walipona haraka kuliko waliolazwa kitandani. Na mikanda? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, halishauri itumike kama tiba ya kawaida.

Kabla sijamgusa nilimuuliza: mkojo unatoka vizuri? Kuna ganzi sehemu za siri au za kukalia? Miguu yote miwili inalegea? Unakonda, una homa, jasho la usiku? Ukijibu ndiyo katika hata moja kati ya matatu ya kwanza, nenda hospitali usiku huo huo. La mwisho, kwetu huku, linaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hakitibiwi kwa mazoezi. Yeye hakuwa na hata moja.

Sasa nije kwenye linalonikera kuliko yote: "Mazoezi nilifanya, yakanizidishia." Yalikuzidishia wapi? Hapo ndipo penye tiba yenyewe, na watu hawaulizwi.

Maumivu ya mama yalianzia kiunoni, yakapita takoni, yakaishia kwenye shavu la mguu. Nilimlaza kifudifudi, nikamwambia asukume kwa mikono ainue kifua, nyonga zibaki kitandani. Mara kumi. Mguu ule ule. Kumi nyingine. Awamu ya tatu shavu la mguu likatulia, maumivu yakabaki pajani, ila kiuno kikawaka. Akaacha. "Umenizidishia, mwanangu."

Hapana, mama. Maumivu yakitoka mguuni yakarudi kiunoni, hata kiuno kikiuma zaidi kwa muda, hiyo ni dalili njema. Sisi tunasema yamerudi katikati. Yakishuka, yakafika unyayoni au vidole vikaanza kufa ganzi, hapo acha, mwelekeo si wako. Wapo wanaopata nafuu kwa kuinama mbele, hasa wazee ambao njia ya neva imekuwa finyu, wanaotembea hatua chache kisha wanatafuta pa kukaa. Ndiyo maana zoezi la jirani ulilotumiwa WhatsApp linaweza kukuumiza.

Njia hii ilitokana na bahati. Mwaka 1956, Wellington, New Zealand, mgonjwa wa Robin McKenzie, mtaalamu wa tiba ya viungo, alilala kifudifudi kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa kwa ajili ya mtu mwingine. Alipoinuka, mguu ulikuwa umeacha kuuma. McKenzie alieleza kwamba uteute wa diski unasukumwa kurudi mahali pake. Miaka mingi niliwaambia wagonjwa hivyo. Siwaambii tena, ushahidi wake ni dhaifu. Na kwa maumivu sugu, aina za mazoezi zikishindanishwa, tofauti huwa ndogo. Kutembea tu kila siku kunawasaidia wengi. Ni vigumu kuliandika hili wakati ndilo linalonilisha. Nashuku kwamba kikubwa nilichomfanyia mama ni kumwonyesha kuwa anaweza kusogea na kisivunjike kitu.

Shingo ni habari hiyo hiyo. Vua kola ya shingo kama hujavunjika, geuza kichwa pande zote mara nyingi kwa siku, imarisha mabega. Simu haikuui shingo. Kinachoichosha ni kukaa mkao mmoja saa tatu.

Ijumaa mama alirudi, mkanda umo mkobani. Mguu unauma mara moja moja, asubuhi tu. Nikamwomba ainame. Mikono ikateremka polepole juu ya khanga, ikafika magotini, ikasimama hapo. Akainuka, akanitazama, akauliza kama arudie.

"Rudia, mama."

Safari ya pili ikapita magoti.