Ganda Lililopasuka Lisitupwe: Kwa Wamiliki wa Bunduki za Kaliba Ndogo

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la ukaguzi wa silaha yameongezeka, na mengi huanza kwa maneno yale yale: "Risasi za siku hizi mbovu." Huenda. Lakini mlalamikaji amekuja mikono mitupu. Ganda lenyewe, kile kikopo cha shaba kinachobaki risasi ikishafyatuliwa, kalitupa. Bila ganda hatuna cha kuchunguza, na kubadilisha boksi la risasi hakuponyi bunduki yenye kasoro.

Ganda ni shaba ya njano: takriban asilimia 70 shaba nyekundu, 30 zinki. Baruti inapowaka, kuta zake hutanuka na kubana chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa) ili gesi isirudi nyuma, kisha hunywea kidogo bolti, chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, ipate kulitoa. Likishindwa kutanuka hupasuka, likishindwa kunywea hukwama.

Ufa unaoshuka kwa urefu shingoni ni dalili kwamba shaba imekuwa ngumu, kwa uzee, kwa kujazwa upya mara nyingi, au kwa amonia. Jambo la amonia wengi hulicheka. Jeshi la Uingereza lilikumbana nalo India katika karne ya 19: risasi zilizowekwa karibu na mazizi ya farasi majira ya mvua zilipata nyufa bila kufyatuliwa. Kwa hiyo usihifadhi risasi stoo moja na samadi au mbolea, wala usizing'arishe kwa dawa yenye amonia. Risasi ambayo haijafyatuliwa na ina ufa haifyatuliwi, hata iwe moja tu kwenye boksi.

Hatari kubwa zaidi ni mstari unaong'aa kuzunguka ganda, milimita chache juu ya kitako. Hapo ganda limevutika, na linalofuata laweza kukatika vipande viwili: kitako kitoke, mwili ubaki chembani, gesi imrukie mpigaji usoni. Alama hafifu ya kutanuka ni ya kawaida, kwa hiyo usibahatishe kwa macho. Chukua waya mwembamba, noa ncha, ikunje iwe ndoano fupi. Iingize kwenye ganda tupu lililokwisha kufyatuliwa, ishushe hadi chini, halafu ivute juu polepole ukiisugua ukutani. Ikinasa kwenye mfereji, ukuta umekonda. Ganda hilo halijazwi tena.

Chanzo mara nyingi ni nafasi iliyozidi kati ya uso wa bolti na bega la chemba, pale inapoanza kupungua kuelekea shingoni, au ganda ambalo bega lake lilisukumwa nyuma kupita kiasi wakati wa kujazwa. Fundi hupima chemba kwa geji mbili, yaani vipimo vya chuma vyenye umbo la risasi: bolti ifunge kwenye ya kwanza, ikatae ya pili. Kwa .223 Remington tofauti ya geji hizo haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, basi tuepushane na habari za "nimeitingisha, iko imara".

Ganda likikwama, anza na usafi: kutu, masizi, au mafuta yaliyoachwa chembani. Mafuta hayasaidii ganda kutoka. Huzuia kuta kushika chemba na kuiongezea bolti mzigo. Wenye .22 Long Rifle waliozoea kupiga .22 Short wana tatizo lao. Ganda la Short lina urefu wa milimita 10.7 hivi, la Long Rifle 15.6, hivyo masizi hujikusanya mbele ya lile fupi, na lile refu likija hugandia hapo.

Fataki (kiwashio cha baruti kilicho kitakoni mwa ganda) iliyotobolewa, au iliyobanwa bapa pamoja na bolti nzito kufunguka, ni ishara ya shinikizo kubwa. Acha kupiga. Kisha soma maandishi ya kwenye mtutu: 5.56 NATO na .223 hufanana kwa nje, lakini koo la chemba ya .223, pale chemba inapoingilia mtutu, laweza kuwa fupi zaidi, na shinikizo likapanda. Masizi kidogo shingoni hayana neno, hatuhitaji kuletewa.

Unapoleta tatizo, bunduki iwe tupu, bolti wazi, magazini imetolewa. Ganda liwe kwenye mfuko wake, limeandikwa tarehe na namba ya toleo iliyo kwenye boksi. Risasi zilizobaki ziwe chombo kingine, si mfuko ule ule. Usilipige nyundo wala kulisafisha. Risasi ikigoma kulia, elekeza mtutu upande salama kwa angalau sekunde 30 kabla ya kufungua. Ikilia kwa sauti hafifu, toa risasi zote na uhakikishe mtutu hauna kitu ndani.

Bunduki iliyofeli kipimo hupewa lebo nyekundu na haiingii uwanja wa shabaha hadi fundi aliyeidhinishwa aandike alichotengeneza na ipimwe tena. Atakayebandua lebo mwenyewe husimamishwa kutumia uwanja, na kueleza kwamba "ilidondoka" hakumrudishi.