Lile kanisa la makuba ya rangi si Kremlin

Wengi huamini kwamba lile jengo la Moscow lenye makuba ya rangi nyingi ndilo Kremlin. Si ajabu: habari za serikali ya Urusi mara nyingi huambatana na picha yake.

Jengo hilo ni Kanisa la Mtakatifu Basili, lililojengwa kati ya 1555 na 1561 kuadhimisha kutekwa kwa mji wa Kazan na Warusi. Liko kwenye Uwanja Mwekundu, nje ya ukuta wa Kremlin. Kremlin yenyewe ni ngome nzima: kuta za matofali mekundu zenye urefu unaozidi kilomita 2, minara 20, na ndani yake makasri, makanisa ya kale na ofisi ya rais. Tena ngome za jina hilo haziko Moscow tu. Miji mingine ya Urusi kama Kazan, Pskov na Nizhny Novgorod ina Kremlin zake, na ile ya Kazan ina msikiti mkubwa ndani.

Kwa anayesafiri peke yake na kujiunga na ziara ya kikundi, tofauti hii ina uzito, kwa sababu kanisa na ngome vina tiketi tofauti. Soma ratiba kwa makini kabla ya kulipa. "Kuona Kremlin" huenda ikawa kupita nje tu. Uliza kama tiketi ya kuingia imo kwenye bei, na siku gani, maana kwa kawaida Alhamisi ngome hufungwa kwa wageni. Mahali penyewe utapahakiki kwa dakika chache: fungua picha ya setilaiti kwenye ramani ya simu, ufuate ukuta. Kanisa utaliona upande wa nje, karibu na mnara wa saa.