Gazeti linapokosea kuhusu vita: dhana potofu na ukweli

Mfano ninaoutumia ni wa Marekani na Iraq, nchi ambayo Marekani iliivamia 2003 ikidai kwamba ilikuwa na silaha za maangamizi, kwa sababu magazeti yenyewe yaliacha kumbukumbu ya jinsi yalivyokosea.

Dhana: Gazeti likishasahihisha, yamekwisha

Hayajaisha. Tarehe 8 Septemba 2002, The New York Times liliandika ukurasa wa mbele kwamba Saddam Hussein alikuwa akitafuta mabomba maalumu ya alumini, na kwamba maafisa wa Marekani waliamini ni ya mashine za kurutubisha urani, hatua ya kutengenezea silaha za nyuklia. Siku tano baadaye waandishi wa gazeti hilohilo wakajua kuwa wataalamu wa serikali wenyewe walikuwa wakibishana kuhusu mabomba hayo. Wapo waliosema ni ya maroketi ya kawaida tu. Shaka hiyo ilichapishwa ukurasa wa A13 (yaani wa 13 katika sehemu ya kwanza ya gazeti), ndani kabisa ya habari ambayo kichwa chake hakikuigusia. Januari 2003, wakaguzi wa nyuklia wa Umoja wa Mataifa walipolipinga dai hilo, habari yao iliwekwa A10. Machi vita vikaanza. Silaha za maangamizi zilizodaiwa hazikupatikana.

Tarehe 26 Mei 2004 wahariri wakakiri mapungufu yao. Maelezo yao nayo yaliwekwa A10! Aliyetishwa na ukurasa wa mbele angefikaje huko, miezi 20 baadaye? Masahihisho yanapaswa kukaa palepale lilipokaa kosa, na hilo linawezekana: Agosti 2004, The Washington Post lilichapisha ukurasa wa mbele uchunguzi wa mwandishi wake, Howard Kurtz, kuhusu gazeti hilohilo. Humo wasomaji walielezwa jinsi habari ya Walter Pincus iliyohoji ushahidi, siku chache kabla ya vita, ilivyotupwa A17.

Dhana: Ukiandika "maafisa wamesema", lawama ni ya maafisa

Asubuhi ileile ya 8 Septemba, Makamu wa Rais Dick Cheney alikuwa kwenye televisheni ya NBC akizungumzia mabomba hayo, na akalitaja The New York Times. Tazama mzunguko huo: maafisa wametoa dai, gazeti limelichapisha, kisha kiongozi wa serikali ileile analitegemea gazeti. Msomaji anadhani ana mashahidi wawili, kumbe ni mmoja. Anayechapisha dai la kuipeleka nchi vitani anabeba wajibu wa kulipima.

Dhana: Wakati ule kila mtu alidanganyika

Si kweli, na dhana hii inawadhulumu waliofanya kazi yao. Jonathan Landay na Warren Strobel wa kampuni ya magazeti ya Knight Ridder waliandika mashaka tangu 2002. Waliwatafuta wataalamu na maafisa wa ngazi za chini, wanaoshika nyaraka kila siku, badala ya kungoja mawaziri. Bahati mbaya Knight Ridder haikuwa na gazeti Washington wala New York, kwa hiyo wakubwa hawakukutana na habari hizo mezani asubuhi.

Dhana: Kuwajibika ni kupelekwa mahakamani

Arusha, mwaka 2003, mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani watu watatu wa redio RTLM na gazeti la Kangura la Rwanda, ingawa rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo. Wale walishtakiwa kwa kuchochea mauaji ya kimbari. Kosa la kuamini chanzo kibovu ni jambo jingine, na serikali ikipewa rungu la kuliadhibu, itaanza na waandishi wanaoihoji.

Dhana: Mfukuze mwandishi, tatizo limekwisha

Lawama nyingi zilimwangukia Judith Miller, mmoja wa waandishi wawili wa habari ya mabomba, ambaye aliondoka gazetini 2005. Lakini habari haijipeleki yenyewe ukurasa wa mbele. Daniel Okrent, aliyeajiriwa na gazeti hilo kuwasemea wasomaji, aliandika Mei 2004 kwamba kosa lilikuwa la taasisi, si la mtu mmoja. Wahariri nao, kwenye maelezo yao ya A10, walikubali kwamba wakubwa wa ngazi kadhaa, ambao kazi yao ilikuwa kuwabana waandishi kwa maswali, huenda walitawaliwa na haraka ya kuwahi habari.