Ibada ya Kipentekoste Ina Utaratibu, na Mchungaji Anaweza Kuhojiwa

Nimelisikia tena juma hili, safari hii kutoka kwa msomi mwenye nia njema: kwamba ibada ya kipentekoste haina utaratibu, kwamba kila mtu hufanya alivyoguswa, na kwamba kwa sababu hiyo mchungaji ndiye kanisa lenyewe. Nimefundisha ibada na utawala wa kanisa katika chuo cha Biblia kwa miaka mingi, nimeketi katika mabaraza ya wazee yaliyokwenda hadi usiku wa manane, na uvumilivu wangu kwa kauli hii umekwisha. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba siku hizi walokole wenyewe wanairudia, na baadhi yao wanaisema kwa fahari, kana kwamba kukosa utaratibu ni ushahidi wa kuwa na Roho.

Aliyehudhuria Jumapili tatu mfululizo katika kanisa lolote la kipentekoste la kawaida, iwe Mwanza, Eldoret au Bukavu, anaweza kuipanga ibada ya nne bila kuulizwa. Kuna maombi ya kufungua, ambayo waombaji walikwisha kuyaanza kabla watu hawajafika; kuna sifa, kisha kuabudu, shuhuda, matangazo na kuwakaribisha wageni, kwaya, sadaka, neno, mwito wa kuokoka, maombezi na baraka. Meza ya Bwana ina siku yake na ubatizo una darasa lake. Huo ni utaratibu. Haujachapishwa katika kitabu kinachogawiwa mlangoni, basi.

Sehemu inayowachanganya wengi ni ile ya kutoka kwenye sifa kuingia katika kuabudu. Mapambio ya haraka yanakoma, mpiga kinanda anapunguza mwendo na kushikilia sauti chache, mpiga ngoma anaweka vijiti chini, na kiongozi wa sifa anaacha kuwaelekeza watu. Wengine wanalia, wengine wananena kwa lugha, yaani maneno ambayo msemaji mwenyewe hakujifunza, wengine wamepiga magoti. Mgeni huona watu waliopotelea katika hisia zao. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wamtazame mzee aliyeketi kiti cha mbele upande wa kipaza sauti, kwa sababu katika kanisa linaloongozwa vizuri mzee huyo hajafumba macho. Zamu yake asubuhi hiyo ni kuangalia.

Mama akihisi amepewa ujumbe kwa ajili ya kanisa, hakimbilii kipaza sauti. Anakwenda kwa mzee wa zamu na kumnong'oneza. Mzee anamwuliza swali moja au mawili, kisha anamwambia mojawapo ya mambo matatu: sema sasa, subiri hadi neno lihubiriwe, au tutazungumza ofisini baada ya ibada. Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya waraka wa kwanza, aliwaandikia Wakorintho kwamba manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue, na mistari michache baadaye akaongeza kwamba roho za manabii huwatii manabii. Anayesema kwamba alishindwa kujizuia kwa sababu Roho alimzidi nguvu anapingana na Paulo waziwazi. Ujumbe unaoweza kungoja ungoje. Mungu hachelewi kwa sababu mzee wa kanisa ameomba dakika kumi.

Hapa sina budi kuwa mkali. Ujumbe unaohusu ndoa ya mtu, dawa zake, fedha zake au tuhuma dhidi ya jirani yake hausemwi mbele ya kusanyiko, na hausemwi na mtu mmoja akiwa faraghani na mhusika. Unaletwa mbele ya wazee wawili au zaidi, nao wana haki ya kuukataa. Hakuna mtu anayepaswa kuambiwa na kanisa aache dawa za kisukari, za kifafa au za kufubaza virusi vya UKIMWI. Tunaombea wagonjwa kwa imani yote tuliyo nayo, na anayeamini ameponywa arudi kwa daktari akapimwe. Kanisa lisiloweza kulisema hili kwa sauti lina tatizo la uongozi, hata kama karama zake ni nyingi.

Wanaotetea fujo hupenda kuitaja Azusa, mtaa ambako upentekoste ulianza kusambaa. Wanasema kwamba uamsho ule wa mwaka 1906 huko Los Angeles haukuwa na ratiba wala mimbari ya maana, na kwamba kiongozi wake, William Seymour, alikuwa akiinama kuomba huku kichwa chake kikiwa ndani ya kreti ya mbao. Hayo yamesimuliwa na walioshuhudia, nami sibishani nayo. Lakini Seymour huyohuyo alikuwa na wazee waliomsaidia kuwapima waliotaka kutumwa, na mwaka 1915 akachapisha kitabu cha mafundisho na nidhamu ya kanisa lake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wapentekoste walikutana Hot Springs, Arkansas, wakaunda ushirika wa Assemblies of God. Walikuwa wakiogopa sana kuwa dhehebu, na hawakutaka kuandika ungamo la imani, lakini kufikia mwaka 1916 walilazimika kuliandika kwa sababu ya mabishano juu ya Utatu na ubatizo kwa jina la Yesu peke yake. Utaratibu haukuletwa baadaye na watu waliopoa kiroho. Waliuandika watu walewale waliokuwa wakikesha wakinena kwa lugha.

Kuna jambo ambalo vitabu vyetu vya mafunzo hulipita haraka, nami sitalipita. Katika sura ileile ya 14 Paulo anasema kwamba wanaonena kwa lugha katika kusanyiko wawe wawili au watatu, kwa zamu, na mmoja afasiri. Asipokuwapo mfasiri, mwenye kunena anyamaze, aseme na nafsi yake tena na Mungu. Ibada zetu nyingi, pamoja na zile ninazoziongoza, hazilitimizi hilo. Kusanyiko zima hunena kwa pamoja, na hakuna anayefasiri. Jibu la kawaida ni kwamba hayo ni maombi ya pamoja yanayoelekezwa kwa Mungu, na Paulo alikuwa akizungumzia ujumbe unaoelekezwa kwa kanisa. Nalifundisha jibu hilo, na naamini lina uzito, lakini sina hakika kwamba Paulo mwenyewe angelikubali angeingia kwetu Jumapili saa nne asubuhi. Sina hakika pia, hata baada ya kukaa katika huduma muda huu wote, kwamba ninaweza kutofautisha kila mara kati ya mguso wa Roho na kazi nzuri ya mpiga kinanda. Ndiyo maana nataka pawe na wazee wenye macho wazi, wengi kuliko mmoja.

Niingie katika uongozi, ambako kauli ile ya kwamba mchungaji ndiye kanisa hupata nguvu. Wapentekoste hatujawahi kuwa na mfumo mmoja. Makanisa yaliyotokana na Assemblies of God, kama Tanzania Assemblies of God (TAG), yana ngazi juu ya kanisa mahalia, na mchungaji anawajibika kwa walio nje ya kusanyiko lake. Makanisa yaliyotokana na misheni ya Waswidi, iliyofika Kongo mwaka 1921, Tanganyika mwaka 1932 na Rwanda mwaka 1940, yalirithi wazo jingine kabisa. Kanisa la Filadelfia la Stockholm, alilolichunga Lewi Pethrus, lilitengwa na umoja wa Wabaptisti mwaka 1913, na kuanzia hapo harakati ile ikashikilia kwamba kila kanisa mahalia linajitawala, likiwa na wazee na mashemasi wake, bila askofu wa kulisimamia kutoka mbali. Mzizi huo umo katika makanisa ya kipentekoste ya FPCT ya Tanzania, CEPAC ya Kongo na ADEPR ya Rwanda, ingawa kote huko mahitaji ya shule, hospitali, usajili na mali yaliwasukuma kujenga vyombo vya kitaifa. Mfumo wa tatu ni ule wa huduma iliyoanzishwa na mtu mmoja mwenye karama, ambamo mwanzilishi ndiye mwenye kiwanja, akaunti, na neno la mwisho. Anayesema mchungaji ndiye kanisa ameuona huu wa tatu kwenye televisheni, akadhani ameuona upentekoste wote.

Na katika huo wa tatu, silaha inayotumika kumnyamazisha kila anayeuliza ni Zaburi ya 105, mstari wa 15: msiwaguse masihi wangu (yaani wapakwa mafuta wangu), wala msiwadhuru nabii zangu. Nimeusikia ukisomewa mhazini aliyeomba risiti. Nimeusikia ukisomewa binti aliyekuja kulalamika. Naomba msomaji afungue zaburi hiyo aanze mstari wa 12. Wanaozungumziwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa, na wanaokemewa ni wafalme waliokuwa na uwezo wa kuwaangamiza. Andiko linalowalinda wanyonge dhidi ya wenye mamlaka linageuzwa kuwa ngao ya mwenye mamlaka dhidi ya mnyonge. Daudi hakunyosha mkono kumwua mfalme Sauli pangoni, ni kweli, lakini alitoka akasimama akamweleza makosa yake kwa sauti, mbele ya majeshi yake. Nabii Nathani alimwendea Daudi, naye ni mpakwa mafuta pia, akamwambia ndiwe mtu huyo. Paulo alishindana na Petro ana kwa ana kule Antiokia. Na waraka wa kwanza kwa Timotheo unaweka utaratibu mzima wa kupokea mashitaka juu ya mzee: mashahidi wawili au watatu, na akidumu katika dhambi akemewe mbele ya wote. Huwezi kuwa na utaratibu wa kupokea mashitaka juu ya mtu asiyeweza kushitakiwa.

Juu ya fedha nitasema machache kwa sababu jambo lenyewe ni rahisi. Sadaka ihesabiwe siku hiyohiyo na watu watatu wasio wa familia ya mchungaji, iandikwe kitabuni, wote waweke sahihi, ipelekwe benki, na taarifa isomwe katika mkutano mkuu wa kanisa. Mchungaji asihesabu. Hilo linamlinda yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Baada ya maafa ya Moshi ya tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipokufa katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako, na baada ya Shakahola mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400, mingi ya waumini waliohimizwa kufunga hadi kufa, ilifukuliwa katika msitu wa Kilifi, Kenya, wengi walidai serikali ibane usajili. Naelewa hasira hiyo, nami ninayo. Rwanda ilipitisha sheria mwaka 2018 inayowataka viongozi wawe na elimu ya theolojia, na kama mwalimu siwezi kupinga elimu. Lakini huduma iliyohusika na Shakahola ilikuwa na usajili, na ndiyo maana serikali ya Kenya ilikuwa na kitu cha kufuta baadaye. Msajili husoma katiba iliyowasilishwa. Haketi kiti cha mbele Jumapili.

Swali ambalo bado linanisumbua, na ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka, ni hili: katika makanisa mengi wazee huteuliwa na mchungaji, na wazee walioteuliwa na mchungaji ndio wanaotarajiwa kumwambia mchungaji amekosea. Wengine wamejaribu kuwachagua wazee kwa kura za washirika, na nimeona kura hizo zikigeuka kampeni za ukoo na fedha. Ninachopendekeza kwa sasa ni mchungaji apendekeze, washirika wathibitishe kwa kura ya siri, mzee atumikie kipindi chenye kikomo, na mashitaka dhidi ya mchungaji yasikilizwe na wazee wa makanisa mengine mawili pamoja na wa kwake. Nimeona utaratibu huu ukifanya kazi katika makanisa machache, yote madogo. Kwenye kanisa la watu elfu tano sijauona bado.