Kabla ya Chai ya Kwanza: Mkahawa Uliofungwa Haulali

Aprili 27, 2020, Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba mikahawa inaweza kufunguliwa tena baada ya wiki kadhaa za kuuza chakula cha kubeba tu. Masharti hayakuwa haba: wahudumu wapimwe korona, wateja wapimwe joto mlangoni na wakae mita moja na nusu mbalimbali, wasizidi wanne katika kila mita 10 za mraba, asiwepo wa kujipakulia, na ikifika saa kumi jioni milango ifungwe, muda wa saa tatu kabla ya kafyu kuanza. Sisi maafisa wa afya ya umma, ambao mitaani huitwa Bwana Afya (hata dada zetu kazini huitwa hivyo) tulizunguka Nairobi na utepe wa kupimia mkononi. Ukumbi wa mita 5 kwa 6 ulibaki na wateja 12. Mwenye hoteli akishapiga hesabu hiyo, mara nyingi alinyamaza kidogo kabla ya kutukaribisha chai.

Chai yenyewe ndiyo ilipaswa kutushughulisha kwanza. Maji yake yalikuwa yamelala wapi?

Jengo likifungwa, watu huondoka lakini maji hubaki. Klorini iliyokuja nayo kutoka kwenye mtambo wa kusafishia maji hupungua siku baada ya siku, utando hujijenga ndani ya mabomba, na bakteria hupata makao. Mmoja wao, Legionella, hustawi kwenye maji ya uvuguvugu, hasa kati ya nyuzi 25 na 45 za Selsiasi, na humwingia mtu kwa njia ya matone madogo anayovuta kwa pumzi, akaugua nimonia. Kwa hiyo kabla ya kuwasha jiko, fungua mabomba yote, moja baada ya jingine, maji yatiririke hadi yawe safi na baridi. Usiyaache yakiruka kwa nguvu huku umeinamia sinki.

Tangi la juu ya paa lina kazi yake. Limwage, lisugue, lijaze upya, kisha tia dawa ya klorini. Kwa jiki ya kawaida isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, tangi la lita 1,000 huhitaji kama lita moja na nusu. Acha usiku kucha, mtu yeyote asiyatumie maji hayo, asubuhi yamwage yapitie mabombani na usuuze mpaka harufu iishe.

Ukiwa hapo, mwaga jagi la maji katika kila tundu la sakafuni. Kwenye kona ya bomba chini ya tundu hilo, kama ile ya chini ya sinki, hukaa maji yanayozuia hewa ya maji taka. Yakikauka, harufu hupanda, na mende hupata barabara ya kuingilia jikoni.

Friza ina ujanja wa kipekee: inaweza kukudanganya. Stima hupotea siku mbili, nyama huyeyuka na kuharibika, kisha stima hurudi na kuigandisha tena, nawe ukifungua unakuta jiwe jeupe safi. Kabla ya kufunga mkahawa, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache humo. Ukirudi ukakuta sarafu imezama, tupa nyama yote bila kuinusa. Najua bei ya nyama. Tupa tu.

Kuna na vyeti. Anayeshika chakula Kenya hupimwa afya na kupewa cheti kila miezi sita, na kipindi kirefu cha kufungwa hukila chote. Mwaka ule wengine walikuwa wamekwama ushago, yaani vijijini kwao, kwa kuwa kuingia na kutoka Nairobi kulizuiwa kuanzia Aprili 6 mpaka Julai 7. Wenye mikahawa waliandika watu wapya kwa haraka, na cheti cha mtu mpya ndicho cha mwisho kukumbukwa.

Halafu hewa. Hapa nakiri kwamba wengi wetu tulikazania kupangusa meza na kusahau madirisha. Januari 24, 2020, katika mkahawa mmoja wa Guangzhou, China, familia tatu zilikula kwenye meza zilizokaribiana, ghorofa lisilo na madirisha. Mtu mmoja alikuwa na virusi. Watu 10 wa familia hizo waliugua, lakini kati ya wateja wengine waliokuwa ghorofa hilo na wahudumu wanane hakuna aliyeambukizwa. Kiyoyozi kilikuwa kikizungusha hewa ileile juu ya meza hizo tatu. Kupima joto mlangoni kusingesaidia: aliyekuja na virusi hakuwa na dalili alipokuwa akila.

Basi fungua madirisha ya pande mbili zinazoelekeana, upepo upite. Feni iliyo dirishani igeuzwe itoe hewa nje. Kama chumba hakina dirisha, kifanye stoo na uhamishie viti kibarazani.

Na weka utaratibu huu kwenye karatasi, ubandike jikoni. Siku tisa tu baada ya tangazo lile, Mei 6, mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi na Mji wa Kale wa Mombasa zilifungiwa, na mikahawa ya huko ikafungwa upya. Aliyekuwa amesafisha tangi Aprili alilazimika kulisafisha tena Juni.