Ufunguo wa kigeni na jedwali lenye vipande: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ukishagawa jedwali vipande, sahau funguo za kigeni."

Ufunguo wa kigeni (foreign key) ni kanuni inayolazimisha thamani iliyo kwenye jedwali moja iwepo kwenye jedwali linalorejelewa; jedwali lenye vipande (partitioned) ni lile ambalo data yake imegawanywa sehemu sehemu, kwa mfano kwa mwezi. Mwaka 2017, hifadhidata ya PostgreSQL ilipotoa toleo la 10, hilo lilikuwa kweli. Toleo la 11 (2018) liliruhusu jedwali lenye vipande kurejelea jedwali la kawaida, na la 12 (2019) likaruhusu jedwali lenye vipande lenyewe kurejelewa. Kwenye hifadhidata ya MySQL katazo lingalipo: InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, haikubali ufunguo wa kigeni kwenye jedwali lenye vipande, uwe unatoka au unaingia. Anayekuambia haiwezekani, muulize kwanza anatumia hifadhidata gani.

"Kurejelea muamala, namba yake inatosha."

Hapa ndipo watu wanapoumia. Tuseme jedwali la miamala limegawanywa kwa mwezi, kwa kufuata tarehe. PostgreSQL haina faharasa (index, orodha ya kutafutia data haraka) moja inayotanda juu ya vipande vyote. Kila kipande kina yake. Haina njia ya kuhakikisha kwamba muamala namba 501 wa Januari haujirudii Machi, ndiyo maana inalazimisha tarehe iingie ndani ya ufunguo msingi (primary key, kitambulisho cha pekee cha kila safu). Sasa jedwali la marejesho (fedha zilizorudishwa kwa wateja), likitaka kurejelea muamala, nalo sharti libebe vyote viwili: namba ya muamala na tarehe yake. Nimeona timu ikiligundua hili siku ya kuhamisha data, majedwali mengine yakiwa yamebeba namba peke yake kwa miaka. Nakusihi, ongeza safuwima ya tarehe mapema, hata kama kugawa ni mpango wa mwakani.

"Faharasa itajitengeneza."

InnoDB huitengeneza upande unaorejelea. PostgreSQL haifanyi hivyo, itengeneze mwenyewe.

"Kipande cha zamani unakifuta tu."

Kama hakuna jedwali linalokirejelea, sawa, na ni kazi ya muda mfupi mno. Miamala ikiwa inarejelewa, kipande lazima kitenganishwe kwanza na jedwali kuu, na PostgreSQL hupekua marejesho kuona kama kuna linaloegemea huko. Likipatikana hata moja, inakataa. Bila ile faharasa, upekuzi huo kwenye jedwali kubwa huchukua muda mrefu.

Tarehe uliyolazimika kuibeba inakufaa hapa: yagawe marejesho kwa tarehe ya muamala, si ya rejesho. Ukifika wakati wa kusafisha, unaondoa kipande cha marejesho cha mwezi ule, kisha cha miamala kinafuata bila kipingamizi.