Faktari V Leiden: Mabadiliko ya Kurithi Yanayochelewesha Damu Kuacha Kuganda

Mtu anapojikata kidole, protini nyingi zilizomo katika damu huamshana moja baada ya nyingine mpaka jeraha lizibe. Mojawapo huitwa faktari ya tano. Jeraha likishaziba, protini nyingine iitwayo protini C huikata faktari hiyo mahali maalumu ili ugandaji usienee kwenye mishipa mizima. Kwa waliorithi mabadiliko ya jeni yaitwayo Faktari V Leiden, mahali hapo pamebadilika kwa herufi moja tu ya vinasaba, kwa hiyo protini C hupata taabu kuikata, na damu huendelea kuganda kupita kiasi.

Mabadiliko hayo yalitambuliwa mwaka 1994 katika mji wa Leiden, Uholanzi. Hubebwa na takriban watu 5 katika kila 100 wenye asili ya Ulaya, hupatikana pia miongoni mwa jamii za Mashariki ya Kati, na ni nadra kwa wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Unadra huo usimpumbaze mtu yeyote, kwani mabonge ya damu miguuni na mapafuni huwapata Waafrika pia, kwa sababu nyingine nyingi zikiwemo upasuaji, saratani, ujauzito na kulala kitandani muda mrefu.

Kubeba mabadiliko haya si ugonjwa. Katika watu wazima kwa jumla, takriban 1 kati ya 1,000 hupata bonge la damu kwenye vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, kila mwaka. Aliyerithi nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja huongezewa hatari hiyo mara 3 hadi 8, na bado wengi wao huishi maisha yao yote bila kupatwa na lolote. Aliyerithi nakala mbili, yaani kutoka kwa baba na mama, yumo katika hatari kubwa zaidi na anahitaji uangalizi wa daktari wa magonjwa ya damu.

Jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni hatari kurundikana juu ya hatari. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba wanawake wenye mabadiliko haya waliotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni walikuwa na hatari iliyozidi mara 30 ikilinganishwa na ya wanawake wasio na mabadiliko hayo na wasiotumia vidonge. Mwanamke anayejua kwamba anayabeba asitumie vidonge hivyo. Kitanzi cha shaba ni njia mojawapo salama kwake. Ujauzito na wiki 6 baada ya kujifungua huhitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo, na inapolazimu kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, wajawazito hupewa sindano za heparini badala ya warfarini, ambayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kwa maoni yetu, si lazima kila mtu apimwe, na Shirika la Afya Duniani halishauri kuwapima wanawake wote kabla ya kuwapa vidonge. Swali la kwanza ni la kifamilia: je, yupo mzazi, ndugu au mtoto aliyewahi kupata bonge la damu, hasa kabla ya kufikia miaka 50? Jibu likiwa ndiyo, mweleze daktari kabla ya upasuaji, kabla ya kuanza homoni na mapema katika ujauzito, naye ataamua kama kipimo cha vinasaba kina faida kwako.

Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na joto kuliko mwingine, nenda hospitali siku hiyo hiyo, wala usiukande. Pumzi ikibana ghafla, kifua kikichoma unapovuta hewa, au ukikohoa damu, hiyo ni dharura: huenda bonge limesafiri hadi kwenye mapafu, na matibabu yanapaswa kuanza mara moja bila kusubiri kujua kama mgonjwa amerithi mabadiliko haya au la.